Tarakimu Ishirini

Kisanduku chenyewe kinatoshana na mkate wa boflo,
cheusi, tumboni mna nafasi ya diski mbili.
Nilikinunua Kariakoo, Mtaa wa Agrey, kwa Mudrik,
aliyeniapia kwa mamaye
kwamba diski moja ikifa ya pili hairithi ugonjwa.
Nimekiweka juu ya kabati la vyombo, kando ya ruta,
palipokuwa na maua ya plastiki ya Nakijwa.
Maua yamehamia bafuni. Hatujalizungumza.

Jumamosi ya mvua, Tabata Kisukulu, njia imekuwa uji.
Nikamwaga kopo la Blue Band mezani:
flashi kumi na moja, moja ina alama za meno ya mtoto,
memori kadi ndogo kama kucha,
sidii ya sendofu ya Namsifu, imekwaruzwa usoni,
simu tatu zenye vioo vya utando wa buibui.
Halafu laptopu isiyo na herufi M.

Mama alikuwa akisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Yeye alikuwa na daftari.

Kuna BARUA YA KAZI. Kuna BARUA YA KAZI MPYA.
Kuna MPYA KABISA, na MPYA KABISA 2,
zote zinaanza "Husika na kichwa cha habari hapo juu",
na hakuna hata moja iliyojibiwa.
Kuna picha mia mbili za kiwanja cha Chanika tulichodhulumiwa:
nyasi, jiwe la mpaka, nyasi, kidole changu.
Kuna mwanangu ana siku mbili, katika folda tano,
kana kwamba alizaliwa mara tano
na mara zote tano akapiga miayo.

Mashine inauliza kwa adabu:
Hii ipo tayari. Nibadilishe, niruke, au nibakize zote?
Ruka, nasema. Ruka. Ruka.

Saa kumi na moja kasoro, faili la sauti
lisilo na jina, sekunde arobaini na moja.
Nikabonyeza nikidhani ni yale mahubiri
yanayozungushwa kwenye makundi ya ukoo.

Ni Sifaeli.

"Elinami, andika. Sita nne, nne moja…
tulia basi, nasoma bila miwani…
saba, sifuri, tisa. Hapana, ni nane.
Karatasi yao imefifia hii. Umeandika nane?"

Tarakimu za LUKU, za elfu tano,
alizotununulia mwezi ule tulipokuwa hatuna.
Zilichemsha maharage, zilipiga pasi sare,
zilichaji simu niliyompigia baadaye,
ikaita, ikaita.

Video ya mazishi yake ni saa sita, flashi ya bluu,
wachungaji watatu, risala, migomba ya Usangi.
Katika saa zote hizo yeye hasemi neno.

Ipo tayari, inasema mashine. Ipo mara tatu.
Nibadilishe, niruke, au

giza.
Asilimia tisini na mbili.
Kisanduku kikalia kama kuku aliyekanyagwa, kikanyamaza.
"Ulinunua umeme?" Nakijwa, kutoka jikoni.
Sikununua.

Nikasimama mbele ya mita na tochi ya simu
na kwa upuuzi ambao sitamsimulia mtu
nikaziingiza za Sifaeli, moja moja,
nikakumbuka kuweka nane.
Mita ikawaza kidogo, ikakataa: zilishatumika.
Najua, nikaiambia.

Za kwangu nikazinunua kwa simu.
Kisanduku kiliamka na hasira zake,
kikataka kujikagua kwanza, saa tisa nzima,
nami nikakisubiri nikila ugali uliopoa.
Kilipouliza tena nikabakiza zote.

Kopo nimelifuta vumbi. Flashi yenye meno
nimeirudisha humo, pamoja na kila kilichomo.
Usiulize kwa nini. Hata Nakijwa hajauliza.