Nchi ya Kupitia

Ile sentensi niliiandika mimi.
Ukurasa wa tisa, aya ya pili, chini ya picha ya daraja:
"Barabara mpya imeokoa dakika hamsini kwa kila lori."
Waziri aliisoma kwa sauti ya mshenga,
wafadhili wakapiga makofi, chai ikaletwa.

Shangazi Tsiala hakuwepo. Alikuwa barabara ya zamani,
nusu ya mwili imezama ndani ya tanuri la udongo,
akibandika nazuki ukutani mwa moto kwa kiganja kitupu:
mkate wa asali, mdalasini, zabibu kavu,
na karafuu, ambazo nazo zilikuja kwa kontena.
Vibanda vilikuwa ishirini na vitatu, kila kimoja na mwanamke wake
na mkono unaopungia malori mkate.
Siku handaki lilipofunguliwa
shangazi alipunga hadi saa nne asubuhi.
Akapita mbwa. Akapita padri kwa baiskeli.
Mikate arobaini ikapoa.

Nilikwenda Jumapili, na ramani, kumweleza.
Nikasema: sisi hatuna mafuta, hatuna dhahabu ya maana,
tuna mahali tulipo, basi. Bahari ya Kaspi huku, Bahari Nyeusi kule,
sisi katikati, kizingiti.
Na utajiri wa kizingiti ni nyayo.
Akakung'uta mikono juu ya ramani yangu,
milima yote ikashika theluji ya unga.
"Hizo dakika hamsini," akauliza, "mnaziweka wapi?"
Nikacheka.
"Sikutanii, Malkhaz. Mimi nikibakiza sukari, naiweka koponi."

Swali lile lilinifuata ofisini, likavuta kiti.
Mwezi wa Novemba nikashuka mpakani mwenyewe,
bila gari la wizara.
Uwanja wa kusubiri: matope, malori mia mbili na kitu,
injini zimezimwa, soksi zimeanikwa kwenye vioo vya pembeni.
Dereva mmoja, Seyfettin, mtu wa Erzurum,
alikuwa akichemsha chai kwenye jiko dogo la gesi.
Nikamuuliza habari za barabara mpya.
"Hariri," akasema. "Mlimani napita kama uzi tunduni mwa sindano.
Halafu nafika hapa, nalala siku mbili.
Skana ni moja. Ikipata homa, tunaugua sote."

Kumbe ndizo hizo, dakika zetu hamsini:
zimelundikana mbele ya geti la forodha, zimelowa mvua,
kila moja na lakiri yake,
hakuna wa kuzipokea.

Ndipo ikanijia harufu. Karafuu.
Binamu yangu Murtazi, katikati ya malori,
na Fodi Transiti kuukuu, jina lile lile la sera yetu,
milango ya nyuma wazi, mikate imefunikwa blanketi la mtoto.
Kilomita mia mbili na zaidi, usiku, kwa barabara yangu.
"Mama anashukuru kwa handaki," akasema.
"Mkate unafika ungali vuguvugu."
Madereva wakatoa pesa za nchi nne. Seyfettin akachukua mitatu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wahenga hawakusema mgeni akwame wapi.

Leo nina kazi mpya mezani.
Mpango wa kuondoa foleni: skana ya pili, zamu kwa simu,
lori lifike kwa saa yake, lipite, lisizime hata injini.
Ni mpango mzuri. Nimeuchora mwenyewe, siuonei haya.
Kuna jedwali. Muda wa kusubiri, sasa: saa arobaini na nne.
Lengo:
na kisanduku cheupe.

Shangazi kaniletea nazuki kwa mkono wa Murtazi, imefungwa gazeti.
Nimekula nusu huku naandika. Zabibu moja imedondoka
ndani ya kisanduku kile, imenata.
Nyeusi, na mikunjo yake.
Ukiitazama kwa haraka, kama waziri atakavyoitazama,
utasoma sifuri.