Juu ya Khor Najd

Saa kumi alfajiri tuliacha gari chini,
Dhiyab mbele na kishoka chake chembamba cha Kishihi,
mimi nyuma, viatu vipya vikinila kisigino.
Njia haikuwa njia: changarawe tu,
na kinyesi cha mbuzi kikituonyesha
walikopita wenye akili.

"Bibi yangu alipanda hapa na kiriba mgongoni," akasema,
"na mimba ya baba yangu."
Nikaacha kulalamika.

Kule juu, bahari imeuingia mlima
kama vidole kwenye donge la unga,
ikasahau kutoka.
Upepo ukanipokonya mtandio. Sikuukimbilia.

Kisha nyumba ya mawe, kufuli la mti,
mlango wa kuinamia.
Ndani, mtungi mkubwa kuliko mlango.
"Uliwekwa kwanza, nyumba ikajengwa baadaye.
Wenyewe walihama. Huu hautoki ila uvunjwe."

Nikamkumbuka mama, Maskati, jikoni,
bado anahesabu vijiko kwa Kiswahili
tangu aliposhushwa melini na miaka yake sita.

Nikaugonga kwa kidole.
Ukaitika, sauti nzito,
kana kwamba bado mna maji.