Dakika Hamsini na Nane

Theluji ya jana dirishani, Kanzelhöhe.
Gerlinde anafuta lenzi kwa pindo la sweta,
anainama:
utepe mweusi juani unayumba,
nao ni moto, ila umepoa kuliko jirani zake,
umening'inia kwa sumaku, bila kamba.

Mlipuko ulioupiga kikumbo umezima tangu saa tatu.
Utepe haujapata habari.
Kulia; anaandika saa.
Kushoto; chai imeshika utando.
Dakika hamsini na nane kwenda na kurudi,
kila safari pungufu kidogo.

Jumapili Alois alibamiza mlango.
Kiti chake cha bembea kikaendelea,
mbele, nyuma,
na Gerlinde, mpimaji, akakaa akikitazama,
saa yake ya mkononi iko mezani,
imelala kifudifudi.