Muhtasari wa Kikao cha Kumi na Saba

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndiyo maana walinichagua katibu: nina mwandiko.
Nimeandika: Jumamosi, ghorofa ya pili,
juu ya duka la rangi, Mtaa wa Sikukuu.
Waliohudhuria, watano. Wenye udhuru, wanne.
Sikuandika kwamba hao wanne
hawapokei simu tangu benki za ng'ambo zianze kuanguka.

Ajenda ilikuwa moja. Saruji Kimbiji,
tuliyoinunua kwa elfu moja mia nane,
tukapiga picha na cheti, tukachinja majogoo,
jana imefunga mia sita na kumi.
Dalali aliitaja kwenye simu kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetaja jina la marehemu
mbele ya wafiwa.

Ombeni Shoo, mhasibu, alikuja na makaratasi.
"Kiwanda ni kilekile. Tanuri ni lilelile.
Mlima wa chokaa haujahama.
Kilichoshuka ni mioyo ya watu.
Tununue tena, tununue mpaka mfuko ulie."
"Mfuko ulishalia," Bi Zamoyoni akasema,
"wewe ndiye hukusikia.
Na embe likianguka si lazima limeiva.
Mengine yana funza."

Sudi Mbwana ana duka la vifaa Gerezani.
Hakuwa na karatasi, alikuwa na vidole vyeupe vya vumbi.
"Zamani fundi alikuja na kirikuu,
anapakia mifuko ishirini, anaondoka.
Siku hizi anakuja na kopo.
Napima saruji kwa kopo, jamani, kama sukari."
"Basi watu wameacha kujenga," akasema Zamoyoni.
"Sijasema wameacha. Nimesema kopo."

Umeme ukakatika.
Feni ikaendelea kidogo, kwa mazoea,
ikasimama.

Ndipo Restituta, muuguzi mstaafu, akafungua kinywa.
Jumatano alivuka kwa pantoni, akaenda hadi Kimbiji,
akakaa kwa mama chai mkabala na geti,
akahesabu malori
kama alivyokuwa akihesabu matone ya dripu wodini.
"Kumi na moja mpaka adhuhuri.
Mwaka jana, mama chai kaniambia,
saa hizo alikuwa keshaosha vikombe mia.
Lakini mlinzi alikuwa anapaka geti rangi.
Anayekufa hapaki geti rangi."
"Hata maiti hutiwa manukato," akasema Zamoyoni,
na Sudi akacheka, kisha akajutia kucheka.

Kura: wawili tununue, wawili tuuze.
Wakanigeukia mimi.

Mfukoni nilikuwa na barua ya shule ya Salha,
awamu ya pili, mwisho Ijumaa.
Mhasibu wa shule hana habari za chokaa.
Nikasema: sipigi kura. Nauza fungu langu.

Ombeni alinitazama kama anayetazama mtu
aliyetoka msibani kabla ya kaburi kufukiwa.
Restituta aliuliza, "Kwa bei gani?"
"Ya jana."
"Ya jana," akarudia,
akatoa bahasha ya kaki, ya pensheni,
akahesabu polepole, noti zimekunjwa nne nne,
mimi nikatazama pembeni, yeye hakutazama pembeni.
Sudi akanimiminia kahawa vilevile,
kikombe kilekile cha siku zote, kile chenye ufa.

Nimeandika: fungu la katibu limehamia
kwa mwanachama namba tatu.
Yupi kati yetu ana akili, sikuandika.
Daftari halina safu hiyo,
na wino wa kalamu ulikuwa unakwisha.

Nikashuka ngazi nikipapasa ukuta.
Duka la pili, mtoto wa miaka tisa hivi
alikuwa amechuchumaa mbele ya mizani
na kopo la maziwa lililojaa saruji.
Limejaa hadi ukingoni. Akaweka kiganja juu.
"Usishindilie," muuzaji akamwambia.
Mtoto akashindilia.