Debe Tupu

Jina tulipewa na Bi Shinuna wa ghorofa ya pili
aliyefungua dirisha saa ya watu kulala mchana,
akamwaga kauli pamoja na maji ya mchele:
"Debe tupu haliachi kuvuma!"
Zahran akafuta uso kwa kofia,
akachovya brashi kwenye rangi ya gari la mtu,
akaliandika ubavuni mwa pipa la oili
lililokuwa ngoma yetu.
Herufi ya mwisho ilikosa nafasi, ikapinda, ikachuruzika.

Wadi Kabir, gereji ya baba yake Muhenna,
msimu ule ukiacha spana juani huishiki tena.
Gitaa lilikuwa na nyuzi nne,
ya tano waya wa breki ya baiskeli.
Besi, Dadkarim aliinunua kwa Mfilipino anayerudi kwao,
pamoja na ufa wake na stika ya ua.
Kipaza sauti tulikifunga juu ya jeki kwa tepu nyeusi.
Zahran alijua mikao mitatu ya vidole,
wa tatu kwa kubahatisha.

Mimi sikupiga kitu.
Kazi yangu ilikuwa plagi.
Tundu la umeme limelegea, plagi haikai,
basi nachutama ukutani nimeikandamiza kwa kiganja
tangu mwanzo hadi mwisho;
nikijikuna tu, bendi nzima inakufa.
Nilitukanwa kwa Kiswahili, Kiarabu, Kibulushi,
na kwa maneno ya Bujumbura alikozaliwa Muhenna
ambayo hata yeye hajui maana yake.
Sijawahi kupendwa vile.

Tuliimba nini? Tusidanganyane, hatukuimba.
Zahran alipiga ukelele
juu ya mwalimu aliyemwambia, mbele ya darasa,
"Wewe wa Zinjibari, ulimi wako mzito,"
juu ya foleni ya pasipoti,
juu ya kiyoyozi kinachodondoshea maji godoro lake,
juu ya mama anayekifunga Kiswahili akienda sokoni
kama noti kwenye pindo la leso
na kukifungua nyumbani, mlango ukishakomewa.
Muhenna alilipiga pipa kama analidai.
Hakuna aliyemaliza pamoja na mwenzake.

Onyesho lilikuwa moja.
Watu kumi na tisa, na mbuzi wa jirani aliyeingia bure.
Hawakupiga makofi, hawakuondoka;
walisimama kama watu walioona ajali.
Kisha Kunjappan, mchomeleaji wa gereji ya pili,
akashusha barakoa yake ya chuma usoni
akaanza kugonga boneti kwa nyundo,
na alikuwa anawahi kuliko sisi sote.
Bi Shinuna akateremka.
Akakaa mlangoni, mikono kwapani, mpaka tukanyamaza.
Hakusema neno. Akapanda ngazi zake.
Dirisha lile, usiku ule, halikufungwa.

Sasa Zahran anauza bima Sohar.
Dadkarim, barabara ya Nizwa ilimchukua.
Na juzi mtoto wa Muhenna, mwenye studio Mawaleh,
kuta zimevishwa sponji kama za wagonjwa,
akanipigia: "Ami, nimeipata kanda yenu.
Naisafisha. Natoa kompresa, natoa mbuzi,
natoa na hii sauti inayokatika-katika."

Hiyo inayokatika-katika, mwanangu, ni mimi.
Ni kiganja kilicholowa.
Ni mara tatu nilizopigwa shoti nikaachia,
na mara tatu nilizorudisha mkono palepale.
Ukiisafisha, utabaki na vijana watatu
wasiojua kupiga vyombo.
Iache na kutu yake.

Irudishe nyuma kabisa, kabla ya pigo la kwanza.
Ongeza sauti. Kuna mvumo, kuna kikohozi,
halafu Dadkarim anauliza, taratibu, kama anayevuka barabara:
"Umeshika?"

"Nimeshika."