Chini ya Meza

Siku ya kumi na tisa, Turku, theluji dirishani,
Pihka bado yuko chini ya meza.
Juzi Jouni alivua mkanda, bizimu ikalia kidogo tu,
mbwa akajikojolea.
Tangu hapo mkanda unalala garini.
Ufagio nao.

Aulikki anajifunza kusoma upya, na miaka yake sitini na minne:
kupiga miayo si usingizi,
kulamba midomo si njaa,
mkia unaotikisika waweza kuwa mkono wa mtu anayezama.

Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo;
huyu alishuka lori la Romania keshakauka,
miaka saba, sikio moja na nusu.

Jana alinguruma. Jouni akafoka, "Kimya!"
"Mwache," mama akasema. "Hilo ni neno.
Ukimpokonya neno, atabaki na meno."

Usiku anaketi sakafuni, ameipa meza mgongo,
anasoma gazeti kwa sauti: bei ya viazi, tanzia,
kipande cha ini kiganjani. Hageuki.

Saa nane kasorobo,
kisogoni, pua.
Baridi kama kijiko.

Ini halikuguswa.