Mkate Huu Una Risiti

Miaka sita nimelinda mlango wa duka la vifaa vya umeme,
Sheffield, chini ya kituo cha tramu,
koti jeusi, redio begani, nyayo zimekufa ganzi.
Nikirudi na basi la alfajiri
nakijua kila choo cha njiani:
cha stesheni, cha kituo cha mafuta,
cha yule Myemeni wa Attercliffe asiyeuliza kitu.

Lilianzia harusini kwa shemeji, Rotherham.
Kuku hakuiva. Tuliugua watu kumi na wanne,
kumi na watatu wakapona wiki ile ile.
Kwangu kuku alitoka siku ya nne;
harusi ikabaki.

Vipimo safi, wakasema. Kamera imepita, haikuona kidonda.
Damu safi. Choo safi.
Hapo nilicheka: choo safi, mimi ninayekijua!
Mwanakombo akasema labda ni mawazo.
Meneja akasema labda ni uvivu.
Nami usiku nimejikunja kama kambale kikaangoni.

Hadi Daktari Hallam alipogeuza kompyuta upande wangu:
vinyama vinne walivyoninyofoa utumboni,
vimetiwa rangi ya zambarau.
"Hizi ni seli za kinga, zile nono.
Aliyezipa jina, zamani, alidhani zimelishwa zikashiba."
Kumbe hazikula. Zimebeba.
Kila moja gunia la chembechembe,
histamini imeshindiliwa humo kama baruti.
"Tazama zilivyoubana mshipa wa fahamu.
Kwa wengine hukaa mbali kidogo."

Walinzi, basi.
Wameuegemea waya wa kengele.

"Hatuna hakika kwa kila mgonjwa," akasema,
"ila huenda siku ile mkate ulikuwa sahani moja na kuku.
Zilimkamata mwizi, zikaikariri na sura ya mkate."

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.
Utumbo wangu unaijua methali hiyo
na haujakanyaga chuoni hata siku moja.

Nikamkumbuka Kieran.
Novemba ile kijana wa koti la kijani
aliiba simu mbili, akanivunja jino.
Wiki ya pili likaingia koti jingine la kijani.
Nilimdaka mkono. Nikaita kwa redio.
Milango ikajifunga, king'ora kikapasua duka zima,
watoto wakalia, mzee mmoja akaangusha birika la umeme.
Risiti ilikuwa mfukoni mwake.
Hakunitukana. Alisema tu,
"Ni betri za bibi, za kifaa chake cha kusikia."

Sikuwa mbaya.
Nilikuwa macho mno.

Daktari ameniandikia vidonge vya kuituliza histamini.
Huenda visisaidie, asema; tujaribu wiki nane.
Nimepanda kilima na mvua yangu hadi nyumbani.
Mwanakombo kapika wali,
chapati za watoto kazificha juu ya friji
kama pesa.

Nasubiri walale. Nakata kipande,
kidogo, cha ukubwa wa ukucha.
Natafuna nimesimama, taa imezimwa,
kiganja chini ya kitovu.
Siwalaani tena. Nawaambia polepole
neno ambalo mimi mlangoni pale sikuwahi kuambiwa:
Ahsanteni kwa kazi, ndugu zangu. Kaeni kitako.
Mkate huu una risiti.